Gharama ya Mstaafu Haifutwi, Huhamishwa

Walimu na wauguzi wa Musoma wanaokaribia miaka 60 wana swali moja: kwa nini mwenzao aliyestaafu mwaka 2017 kwa mshahara kama wao aliondoka na mkupuo mnono kuliko wanaoutarajia wao? Swali ni la haki, na jibu lake ni hesabu ambayo yeyote anaweza kuipiga kwenye simu yake.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kigera aliyetumika miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye wastani wa mishahara yake bora ya miaka mitatu ni Sh 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni za zamani za mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF, mshahara wake wa mwaka, milioni 12, ulizidishwa kwa 360 ukagawanywa kwa 540: Sh milioni 8. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5, akapewa mkupuo wa Sh milioni 62. Nusu iliyobaki ikawa pensheni ya Sh 333,333 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake.

Sasa tutazame kilichoingia. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5, mwajiri huongeza asilimia 15. Hata tukichukulia kwamba mwalimu huyu alilipwa milioni moja tangu siku ya kwanza, Sh 200,000 kwa miezi 360 ni milioni 72. Toa 62, zinabaki 10, nazo zinatosha pensheni ya miezi 30 tu. Akistaafu na miaka 60, fungu lake limekwisha kabla hajatimiza 63. Kuanzia hapo analipwa kwa faida ya uwekezaji au kwa michango ya walio kazini.

Juu ya hilo kulikuwa na mzigo mwingine. Watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999 walikuwa hawachangii, lakini PSPF ililazimika kuwalipa kwa miaka yao yote ya utumishi. Fidia ya Serikali ikachelewa, deni likavimba, hadi mwaka 2021 ilipotolewa hatifungani maalumu ya Sh trilioni 2.17. Kabla ya hapo, Agosti 2018, mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilikwisha kuunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF.

Muungano huo ndio ulioleta kikokotoo kipya, yaani kanuni mpya ya kukokotoa mafao. Kanuni za 2018 zilishusha mkupuo hadi asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ukaja mwafaka: asilimia 33, kigawanyo 580 badala ya 540, na kizidisho 12.5 badala ya 15.5. Kwa mwalimu wetu, mkupuo ukawa takriban Sh milioni 30.7 na pensheni Sh 415,862. Bajeti ya 2024 ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakistahili nusu, na kwake hiyo ni kama Sh milioni 37.2.

Watetezi wa kikokotoo cha 2022 walisema kilichopunguzwa mwanzoni kinarudi kila mwezi. Kinarudi, ila kwa mwendo wa kinyonga. Mwalimu alipoteza zaidi ya milioni 31 za mkupuo akaongezewa takriban Sh 82,500 kwa mwezi. Bila kuhesabu riba wala nyongeza za baadaye, angehitaji zaidi ya miaka 31 kuzirudisha, akiwa na umri wa miaka 91. Kwa hiyo mfuko umepona kwa kupunguza mafao, na ni vyema kusema hivyo waziwazi.

Je, zile milioni 31 zimekwenda wapi? Kwa Kigera, ya Manispaa au ile ya Nyakatende huko Musoma Vijijini, jibu halihitaji mtaalamu. Mkupuo ndio uliokuwa unaezeka nyumba, kununua injini ya mtumbwi na nyavu za dagaa, na kumsomesha mjukuu. Wazee wengi wa pwani hii ya ziwa walivua, walilima mihogo au walichunga, wala hawakuwahi kukatwa mchango hata shilingi. Kwa hiyo pensheni ya mwalimu mmoja hulisha ndugu ambao mfuko hauwajui. Ikipungua, pengo huzibwa na kijana aliyeko Mwanza au Dar es Salaam, anayetuma pesa kwa simu huku naye akikatwa mchango wa uzee wake.

Zanzibar ilichukua njia nyingine Aprili 2016: kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hupata Pensheni Jamii, awali Sh 20,000 kwa mwezi na sasa Sh 50,000, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Fedha ni ndogo, lakini inalipwa na hazina ya wote badala ya mfuko wa wachache.

Kwa aliye kazini, kagua michango yako leo kupitia PSSSF Kiganjani, maana mwezi usiowasilishwa hupunguza ile 360. Mvuvi naye anaweza kujiunga na NSSF kama aliyejiajiri, achangie msimu wa dagaa ukiwa mzuri. Na siku bungeni itakapotajwa tena nyongeza ya mkupuo, kabla ya kushangilia muulize mbunge wako kama mchango wa mwajiri nao utapanda. Kama haupandi, nyongeza hiyo italipwa na walioajiriwa juzi, na wao watakapostaafu ndipo watakapopangiwa kikokotoo kingine.