UZI: "Mashine zilichezewa kutoka kiwandani." Tuulize nini kabla ya kusambaza?

1. Kampeni zikifika huku Kericho na Bomet, hiyo sentensi hukosi kuisikia. Mara ni vifaa vya kura, mara simu za bei rahisi, mara mizani ya chai. Sitaji mwanasiasa wala chama. Tuelewe jambo lenyewe.

2. Tuanze na chai, hiyo tunaijua. Jani linachumwa, linapimwa kituoni, linapanda lori, linaingia kiwandani, likishakuwa chai linaenda mnada wa Mombasa. Kila anayelishika anaweza kupunguza ama kuchanganya. Simu ni vivyo hivyo: chipu za huyu, programu za yule, mwingine anaunganisha, halafu muagizaji, ghala, duka. Unamlipa mtu wa mwisho, lakini umewaamini wote.

3. Hatari ni ya kweli. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilisema imepata programu hasidi, Triada na xHelper, ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Ghana, Afrika Kusini na kwingineko. Zilikuwa zinamsajili mwenye simu kwa huduma za kulipia kimyakimya, zikila salio lake. Watengenezaji, Transsion, walimlaumu msambazaji mmoja katika mnyororo wao, wakasema marekebisho yalishatolewa.

4. Hizo hazikuwa simu feki. Shika hapo. Septemba 2012 ilipoisha, Kenya ilizima simu feki kwa kutumia namba za IMEI (bonyeza *#06# uone yako). IMEI inatambua simu ni ipi. Haikwambii ndani kumewekwa nini.

5. Kuna pia madai yanayobishaniwa. Januari 2018 gazeti la Le Monde liliandika kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, jengo lililojengwa na China, zilikuwa zikitumwa Shanghai kila usiku kwa miaka mitano. China ilikana. Ukilitaja jukwaani, taja yote mawili.

6. Sasa kura. Vifaa vya KIEMS vya 2017 vilitoka kampuni ya Ufaransa, vya 2022 vikaletwa na Smartmatic. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais. Sababu mojawapo: tume haikufungua seva kikamilifu ilivyoagizwa. Kumbe mashine hata ikiwa safi, isipokaguliwa haiaminiki. Mwaka 2022 picha za Fomu 34A ziliwekwa wazi mtandaoni, yeyote angeweza kujumlisha mwenyewe.

7. Kwa hivyo uliza matatu:
– Zabuni iko wazi? Nani aliuza, na vipuri vilipitia wapi?
– Nani alikagua, asiye muuzaji?
– Kuna karatasi ya kulinganisha?
Mkulima anayajua haya. Mizani iwe na muhuri wa vipimo wa serikali, na kilo za risiti zilingane na za malipo. Hahitaji kufungua mizani kujua ameibiwa.

8. Anayesema "imechezewa", muulize: katika hatua gani, na ushahidi uko wapi? Anayesema "iko salama, tuaminini", muulize: nani alikagua? Wote wawili wanatudai imani bila risiti. Na maswali haya ni ya sasa. Usiku wa matokeo ni kuchelewa.