Kazi Zinazoendesha Mpaka

Busia na Malaba, miji miwili ya Kaunti ya Busia, ndiyo milango mikuu ya shehena zinazotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Shehena hizo hazijisukumi. Nyuma ya kila lori linalovuka kuna dereva na utingo wake, wakala wa forodha, kuli wa kupakia na kupakua, mama wa kibanda cha chakula, mfagiaji na mlinzi wa usiku. Isipokuwa ya wakala, nyingi ya kazi hizi hudharauliwa upesi, ingawa zikisimama siku moja tu, biashara ya mpaka mzima husimama pia.

Mfano ulio wazi zaidi ni bodaboda. Kazi hii ilizaliwa mpakani hapa hapa katika miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na eneo ambalo gari lisilo na vibali halikuweza kupita, na abiria aliyeshushwa na mizigo yake alilazimika kutembea. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Walifunga mto juu ya keria, wakaanza kuvusha watu kutoka “boda” (mpaka) moja hadi nyingine huku wakinadi safari kwa jina hilo la “boda boda”. Baiskeli zilikuwa zile nyeusi, nzito. Mwendeshaji alikanyaga pedali na mtu mzima nyuma yake, pengine na gunia juu, katika jua na mvua.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya mtu aliyeshindwa na shule. Hata hivyo ilienea hadi Kisumu na Kampala, kisha karibu kila mji wa Afrika Mashariki. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na injini ikachukua nafasi ya pedali. Leo mama wa kijijini Butula akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, mara nyingi anayemwahisha hospitali ya Khunyangu ni mwendeshaji wa bodaboda. Usafiri huu unaotegemewa na mamilioni ulibuniwa na wachuma riziki wa mpakani, bila kuagizwa na ofisi yoyote.

Busia inajulikana pia kwa watu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Kwao, kazi hiyo ni karo ya watoto na kodi ya nyumba. Kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia, kilichofunguliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, kimewezesha ukaguzi wa nchi zote mbili kufanyika mahali pamoja. Magari hupita upesi zaidi, lakini kila utaratibu unapobadilika, anayebeba kwa mkono ndiye anayeguswa kwanza, na ndiye anayestahili kuulizwa maoni yake mapema.

Madereva wa malori walionja dharau ya aina nyingine mwaka 2020. Wakati wa janga la korona, foleni ya kusubiri vipimo ilienea kilomita nyingi kutoka Malaba, nao wakanyanyapaliwa kama waleta ugonjwa. Watu wengine walipoambiwa wakae nyumbani, wao ndio waliokesha barabarani ili mafuta na dawa zisikatike katika nchi jirani.

Sheria ya Kenya haitofautishi hadhi ya kazi. Ibara ya 28 ya Katiba ya 2010 inalinda utu wa kila mtu, na Ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira mazuri ya kazi na kujiunga na chama. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua anayeendelea na kazi kwa muda unaofikia mwezi hahesabiwi tena kuwa wa kutwa; huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Makuli na wahudumu wengi hawaijui kanuni hii, na baadhi ya waajiri hunufaika na kutojua huko.

Heshima basi huanza na malipo: ujira uliokubaliwa, wote, na siku ile ile. Hufuata mahali pa kazi penye kivuli, maji safi na choo. Hufuata lugha, kwa kuwa mtu mwenye familia hapaswi kuitwa kwa mluzi au kwa jina la kifaa chake. Heshima pia hufundishwa nyumbani. Mzazi anayemtisha mtoto kwamba asiposoma ataishia kusukuma mkokoteni humfunza kumdharau jirani aliyesukuma mkokoteni huo alfajiri ili mboga zifike sokoni. Wahenga walisema kazi mbi si mchezo mwema. Mpakani hakuna hata kazi iliyo mbi kwa asili yake. Kinachoiharibu ni malipo duni na dharau, na vyote viwili vinaweza kuondolewa na wale wanaohudumiwa.