Kusahau kwa Mzee si Kurogwa



Katika ziara zetu vijijini tulimkuta nyanya mmoja amefungiwa ndani mchana kutwa. Usiku alikuwa akitoka kwenda shamba lililouzwa zamani, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Watoto wake walituuliza: "Hata mama yake alikuwa hivyo. Je, na sisi tutashikwa?"

Kusahau ulipoweka jembe ni kawaida ya uzee. Lakini kupotea njia ya kisima ulichochota maji miaka 40 ni dalili ya ugonjwa wa ubongo, yaani dimenshia. Si uchawi, wala si laana ya ukoo.

Je, hurithiwa? Kuna jeni iitwayo APOE. Aina yake ya e4 huongeza hatari, lakini kuongeza hatari si kuhukumiwa. Wengi walio nayo huzeeka na akili timamu. Utafiti wa wazee wa Nyeri, uliochapishwa 2010, uliikuta kwa wagonjwa na kwa wazima bila tofauti kubwa.

Jeni hatuwezi kuibadilisha. Hata hivyo, mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo yakirekebishwa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeweza kukingwa au kucheleweshewa ugonjwa. Haya yamo mikononi mwetu:

1. Presha na sukari. Huharibu mishipa ya damu inayolisha ubongo. Tupimwe, wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mashine mwaka 2023. Dawa tusiache eti tumepata nafuu.
2. Tumbaku na pombe nyingi. Tuache.
3. Masikio na macho. Asiyesikia hujitenga. Apelekwe kliniki mapema.
4. Kichwa. Tukipanda bodaboda, tuvae helmeti.
5. Shule. Mtoto anayesoma leo anauwekea ubongo wake akiba ya uzeeni.
6. Upweke. Mzee aje kwenye mwethya, hata kama ni kuchambua maharagwe tu.

Mzee akianza kupotea, apelekwe hospitali. Dimenshia yenyewe haina dawa ya kuiponya, lakini kuna kusahau kunakoletwa na huzuni, maambukizi au upungufu wa vitamini, na huko hutibika.

Yule nyanya hafungiwi tena. Kina mama wa kikundi wanapokezana kukaa naye, naye huwachambulia maharagwe.

Tujadiliane kikundini: Ni mzee gani kijijini kwetu hajaonekana mwezi huu? Nani atamtembelea?