Mapicha za Harusi: Anza na Watu, Lokesheni Baadaye

Maze, ambia mtu anaoa akuonyeshe mapicha zenye anadai siku ya harusi, atatoa simu. Folda imejaa mapozi za Pinterest: madame wamerusha maua juu, chali ameegemea Range, droni inazunguka ziwa ya majuu. Poa, luku ni muhimu na mi hupenda luku vibaya. Lakini kwa hiyo folda hakuna shosh yako. Hakuna anko mwenye alikulipia fizi wakati buda alifutwa wera. Na hao ndio utakuja kutafuta kwa albamu baadaye, upate wamekatwa nusu kichwa nyuma ya keki.

Kabla ubonge na fotografa yeyote, kaa chini na mathe. Mtu wako naye akae na wa kwao. Andikeni majina, si "familia ya bibi harusi" hivi tu. Shosh wa Murang'a na sista yake wa Nyahururu, wenye siku hizi hawapandi mat ovyo na hujui watapatana tena lini. Mathe jirani wa ploti ya Umoja mwenye alikuwa anakuwekea chapo ukitoka shule. Fotografa ni mgeni pale. Hawezi jua yule mzee wa koti ya kahawia kwa kona ndio alisimama na buda siku ya mahari. Chagueni binamu mmoja kila upande, mwenye anajua sura zote na ako na sauti ya makanga, apewe hiyo karatasi aite watu. Kila grupu hukula kedo dakika nne, juu lazima mtoi atoroke na anko aende kupokea simu. Grupu kumi na tano, saa nzima imeisha. Ukiandika arobaini, wageni watakungoja na njaa. Wazee waanze, wapigwe wakiwa bado wako freshi, warudishwe kwa viti. Mbogi yenu inaweza ngoja.

Kwa masaa ndio harusi nyingi huharibikia. Sisi tuko karibu na ikweta. Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na likishaenda giza haichelewi. Saa sita mchana liko juu ya kichwa kabisa: macho yanakuwa mashimo meusi, na shosh akiwa na kofia huoni sura. Mwangaza tamu unaanza kedo saa kumi na moja. Sasa cheki programu zetu: kanisa ilikuwa ianze saa nne, imeanza saa sita, na saa kumi na moja anko wa tatu bado ameshika maiki. Bonga na emsii mapema, mkubaliane saa kumi na moja na nusu nyinyi wawili mnatoka dakika ishirini, hata kama kuna mtu anahutubia. Na kama grupu lazima zipigwe mchana, tafuteni kivuli ya mti mkubwa. Msiingie kwa tenti yenye imefungwa kitambaa ya zambarau, juu hiyo rangi inaangukia watu usoni na kila mtu anakaa mgonjwa.

Kitu ingine mi hukazia ni ngozi yetu. Gauni nyeupe, suti nyeusi, ngozi imeiva: kamera ikifuata gauni, sura zinaingia giza, na fotografa akizidisha mwangaza ovyo unatokea rangi ya jivu. Hii shida ni ya kitambo. Kodak walikuwa wanapima rangi za picha na kadi ya manzi mzungu, wakaiita Shirley, na ilifika miaka ya 1990 ndio wakatoa kadi yenye watu wa ngozi tofauti. Kamera za siku hizi zimejaribu, lakini mkono wa msee ndio bado unaamua. Usiridhike na zile picha kali ameweka Instagram. Itisha harusi moja nzima, kutoka mangware hadi usiku, ya watu wa rangi yenu. Cheki za ndani ya kanisa. Cheki za usiku watu wakiangusha mugithi. Hapo utapata rada.

Na doh yote isingoje Jumamosi ya gauni. Kuna sherehe za kitamaduni pia: ruracio na ngurario kwa Wakikuyu, koito kwa Wakale. Huko watu huwa hawajajipanga mbele ya kamera na sura zinatoka za ukweli. Kwa Wakikuyu madame huletwa wamefunikwa leso, chali anaambiwa atambue wake. Leso inatoka mara moja tu. Fotografa awe ameshasimama nyuma ya bega ya chali, na msaidizi wake awe ameelekezea kamera mathe wa pande zote mbili. Vilevile kukata kiande kwa ngurario: kama fotografa si wa huko, hajui huo mguu wa mbuzi ndio kilele ya siku, anaweza kuwa ameenda kupiga masufuria. Mwambie.

Lokesheni chagueni moja. Arboretum na Karura na Ngong siku moja ni jam tu, na gauni inakunjika kwa ndai. Mi ningechukua Karura, na si juu ya miti pekee. Mwaka wa 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo wakitetea hiyo msitu isigawanywe, ndio maana kuna kivuli ya kupigia picha leo. Ulizeni bei ya kamera mapema kabla mfike geti. Kama mnafungia kwa AG, Sheria House, KICC iko hatua chache, na askari wa kanjo pia, so ulizeni ruhusa mapema.

Kanisani, pasi ya kwanza ni kwa kasisi: wengine hawataki kamera karibu na madhabahu. Muombe pia atangaze simu ziwekwe chini wakati bibi harusi anaingia. La sivyo utapata buda akimsindikiza katikati ya ukuta ya simu.

Mkataba uandikwe kabla dipo itoke: mapicha ngapi, lini, na kama fotografa anaweza kuzipost. Kamera yake irekodi kwa kadi mbili. Tengeni pia pesa ya kuprinti, juu shosh hataingia kwa linki. Na yeye fotografa apewe dishi wageni wakianza kumanga, si akiwa wa mwisho kwa laini, juu hakuna mtu hudai picha akitafuna, na saa kumi na moja unamhitaji ako na nguvu.