Ukarabati wa cherehani za zamani

Ukarabati wa cherehani za zamani ni kazi ya kurekebisha mashine za kushonea za chuma cha kusubu, zinazoendeshwa kwa mkono au kwa miguu, ili ziendelee kushona. Kazi hiyo ina umuhimu katika miji midogo na vijiji vya Tanzania, kama vile Ifakara na bonde la Kilombero katika mkoa wa Morogoro, kwa sababu cherehani ya miguu haihitaji umeme na ndiyo mtaji wa fundi nguo. Ikiharibika, kipato chake husimama.

Asili ya mashine

Mmarekani Isaac Merritt Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851. Kiwanda kikubwa cha kampuni ya Singer huko Clydebank, Uskoti, kilifungwa mwaka 1980, lakini mashine zake nyingi bado zinatumika. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia viwanda vya Japani, na baadaye vya China, vilitengeneza mashine kwa kufuata muundo wa Singer unaoitwa daraja la 15. Mojawapo ni Butterfly ya Shanghai, inayojulikana sana Afrika Mashariki.

Kwa sababu hiyo vipuri vingi vya daraja la 15 vinaingiliana, hata kama majina yaliyoandikwa kwenye mashine ni tofauti.

Kutambua aina

Kabla ya kununua kipuri, fundi hutazama bobini. Bobini ya daraja la 15 ni ya mviringo, yenye kipenyo cha milimita 20 hivi na kimo cha milimita 12 hivi. Mashine za zamani zaidi, kama Singer za daraja la 27 na 28, hutumia bobini nyembamba ndefu inayokaa ndani ya kasha lenye umbo la mtumbwi. Vipuri vya aina hizo mbili vya sehemu ya bobini haviingiliani kamwe.

Sindano ya mashine hizo zote ni ile yenye alama 15x1, ambayo pia huandikwa HAx1 au 130/705H. Shina lake lina upande mmoja bapa. Sindano ya DBx1, inayouzwa kwa ajili ya mashine za viwandani, ina shina la mviringo na haifai. Ikilazimishwa, inaweza kugonga ndoano inayokamata uzi na kuiharibu.

Matatizo ya kawaida

Hitilafu nyingi hazihitaji kipuri kipya:

* Mashine nzito kuzunguka: mara nyingi mafuta ya zamani yameganda. Mafuta ya kupikia huleta tatizo hilo, kwa kuwa hukauka na kunata. Utando huo huyeyushwa kwa mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, kisha hutiwa tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani katika kila tundu.
* Uzi kujikusanya chini ya kitambaa: wengi hulaumu bobini, kumbe kwa kawaida kosa liko kwenye uzi wa juu. Uzi huo haukupita kati ya visahani vya kukaza, au visahani vimejaa vumbi la nyuzi.
* Kuruka mishono: sindano imepinda, imekuwa butu au imewekwa vibaya. Upande bapa wa shina hutazamana na upande inakopita ndoano.
* Gurudumu kuteleza: mkanda wa ngozi umelegea. Hukatwa kidogo na kuunganishwa upya kwa kipande cha waya.
* Kutu: huzidi wakati wa masika, hasa mashine ikiachwa barazani bila kufunikwa. Katika maeneo yenye mafuriko, kama sehemu za bonde la Kilombero, mashine iliyoingia maji hufunguliwa, hukaushwa na kupakwa mafuta mapema iwezekanavyo.

Upatikanaji wa vipuri

Sindano, bobini, kasha la bobini, mkanda na springi za kukaza uzi ni vipuri vinavyopatikana kwa urahisi. Soko kubwa la bidhaa za namna hiyo nchini ni Kariakoo, Dar es Salaam. Mzigo hufika Ifakara kwa barabara kupitia Mikumi na Kidatu, au kwa reli ya TAZARA. Kuelekea Ulanga na Malinyi, ng'ambo ya mto Kilombero, ilibidi kutumia kivuko hadi daraja lilipofunguliwa.

Vipuri vigumu kupata ni kasha la umbo la mtumbwi na skrubu. Skrubu nyingi za Singer zina hesi za kipekee, zisizolingana na zile za dukani. Skrubu ya kawaida ikikazwa kwa nguvu huharibu tundu. Ndiyo sababu mashine iliyokufa haitupwi, bali huhifadhiwa ili vipande vyake vitumike kwenye nyingine.

Mwili wa chuma cha kusubu ukipasuka ni vigumu kuuchomelea, kwa hiyo cherehani hubebwa kwa kushikwa kitako chake, si gurudumu. Mnunuzi wa mashine iliyotumika hushauriwa kukagua kwanza nyufa, kisha ukamilifu wa sehemu ya bobini, kabla ya kupatana bei.