Miniatur Wunderland

Miniatur Wunderland (kwa Kijerumani: "nchi ndogo ya maajabu") ni maonyesho ya kudumu ya reli za mfano katika jiji la Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Yalifunguliwa tarehe 16 Agosti 2001 na ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun. Yanatambuliwa na Guinness kuwa reli ya mfano kubwa kuliko zote duniani. Jumla ya reli zake imezidi mita 15,000, na watu waliofika kuyatazama tangu yafunguliwe wamezidi milioni 20.

Ingawa watu wengi huziita treni hizo vitu vya kuchezea watoto, maonyesho haya ni kazi ya ufundi, umeme, kompyuta na sanaa kwa pamoja.

Historia

Mnamo Julai 2000 Frederik Braun alikuwa matembezini mjini Zürich, Uswisi. Aliingia katika duka la treni za mfano, akakumbuka ndoto yake ya utotoni ya kujenga reli kubwa. Alimpigia simu pacha wake Gerrit na kumweleza wazo hilo. Wakati huo ndugu hao walikuwa wakiendesha klabu ya muziki wa usiku huko Hamburg.

Kabla ya kuanza walifanya uchunguzi wa maoni kupitia intaneti. Waliorodhesha vivutio mbalimbali vya Hamburg, vilivyopo na vya kubuni, wakauliza watu wangependa kutembelea kipi. Wanaume waliiweka reli ya mfano karibu na kilele cha orodha, lakini wanawake waliiweka chini sana. Kwa hiyo ndugu hao walitambua kwamba treni peke yake hazitoshi. Ili familia nzima ije, ilibidi kuwe na miji, milima, taa, watu na visa vidogo vya kuchekesha. Uamuzi huo ndio uliotofautisha maonyesho haya na mengine mengi ya aina yake, ambayo hulenga zaidi wapenzi wa treni.

Ujenzi ulianza Desemba 2000 kwa mkopo wa benki. Mahali palipochaguliwa ni ghala la zamani katika Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu uliozinduliwa mwaka 1888 kando ya mifereji ya bandari. Kwa miaka mingi kahawa, chai, viungo na mazulia kutoka nchi za mbali vilihifadhiwa humo. Mizigo ilipoanza kusafirishwa kwa makontena, maghala hayo yalipungukiwa na kazi, na mengine yakageuzwa kuwa ofisi na makumbusho. Tangu mwaka 2015 mtaa huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sehemu za maonyesho

Maonyesho yamegawanywa katika sehemu zilizojengwa moja baada ya nyingine:

- 2001: Ujerumani ya Kati, Austria, na Knuffingen. Knuffingen ni mji wa kubuni. Haupo kwenye ramani yoyote.
- 2002: Hamburg yenyewe, pamoja na bandari na uwanja wa mpira.
- 2003: Marekani, pamoja na taa za Las Vegas na korongo la Grand Canyon.
- 2005: Skandinavia. Bahari yake ni maji halisi, takriban lita 30,000, na meli huelea humo. Hata kupwa na kujaa kwa maji huigizwa.
- 2007: Uswisi. Mlima Matterhorn umepita ghorofa moja hadi nyingine. Humo mna pia kiwanda kidogo cha chokoleti: mgeni akibonyeza kitufe, hupata kipande cha chokoleti ya kweli.
- 2011: Uwanja wa ndege wa Knuffingen, uliochukua takriban miaka 6 kujengwa na kugharimu takriban euro milioni 3.5.
- 2016: Italia, pamoja na jiji la Roma na mlima wa volkeno Vesuvio unaolipuka kwa taa. Venisi iliongezwa mwaka 2018.
- 2021: Rio de Janeiro, katika jengo la ng'ambo ya mfereji. Wageni hufika huko kwa daraja la waenda kwa miguu.
- 2024: Monaco na Provence, pamoja na mashindano ya magari katika mitaa ya Monaco.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mfano wa ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie ulikamilika mwaka 2013, ilhali ukumbi halisi, usio mbali na hapo, ulifunguliwa Januari 2017.

Skeli

Maonyesho yanatumia skeli ya 1:87, inayoitwa H0. Maana yake ni kwamba kila kipimo cha kitu halisi kimegawanywa kwa 87. Mtu mwenye kimo cha sentimita 174 anakuwa na kimo cha sentimita 2. Reli ya Ujerumani ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, sawa na reli ya kisasa (SGR) ya Kenya na Tanzania. Ukigawanya kwa 87 unapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli za H0.

Kwa hesabu hiyohiyo, mita 15,000 za reli za mfano zingekuwa zaidi ya kilomita 1,300 kama zingekuwa reli halisi. Huo ni urefu unaozidi kidogo Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma.

Hata hivyo, skeli haiwezi kufuatwa katika kila kitu. Kilomita moja katika skeli hii ni mita 11.5, kwa hiyo umbali kati ya miji miwili ya jirani ungejaza jengo zima na kuzidi. Matterhorn halisi una kimo cha mita 4,478 kutoka usawa wa bahari. Ukigawanywa kwa 87 ungefika mita 51, lakini ule wa Hamburg una takriban mita 6. Mabehewa, magari na watu hufuata skeli, bali milima na umbali hupunguzwa zaidi. Wajenzi huchagua vitu ambavyo mtazamaji atavitambua na kuviacha vingine. Ndiyo maana mfano wa namna hii usisomwe kama ramani: kwenye ramani nzuri tunaweza kupima umbali, hapa hatuwezi.

Uendeshaji

Treni huongozwa na kompyuta. Kila kichwa cha treni kina kifaa kidogo cha kielektroniki chenye namba yake, na amri hupitishwa ndani ya reli zilezile zinazoleta umeme. Njia imegawanywa katika vipande, na kompyuta hairuhusu treni kuingia katika kipande ambacho bado kina treni nyingine. Kanuni hii hutumika pia kuzuia ajali katika reli halisi.

Magari ya barabarani hayana reli. Chini ya barabara kuna waya wa chuma, na sumaku iliyo mbele ya gari huufuata. Gari hutumia betri, na hujipeleka lenyewe mahali pa kuchaji. Kuna magari ya zimamoto ya Knuffingen yanayotoka kwa pamoja penye "moto". Ndege nazo hutembea uwanjani, huongeza mwendo na kuondoka zikiwa zimeshikiliwa na fimbo nyembamba, kisha hupotelea ukutani.

Kila baada ya dakika 15 hivi siku moja huisha: taa za ukumbi hufifia, usiku huingia, na maelfu ya taa ndogo huwaka katika nyumba na mitaa. Chumba cha uongozaji kipo wazi, hivyo wageni huwaona wafanyakazi mbele ya skrini zao.

Kutembelea

Maonyesho hufunguliwa kila siku ya mwaka. Kwa kuwa idadi ya watu ndani ina kikomo, tiketi hutolewa kwa saa maalumu, na siku za likizo ni vema kuikata mapema. Mgeni hupita mara ya kwanza akitazama treni. Mara ya pili huanza kuona mambo madogo yaliyofichwa, kama vile watu wa sayari nyingine huko Marekani. Zaidi ya vitufe 200 vimewekwa ili wageni wenyewe waendeshe baadhi ya matukio.

Katika siku maalumu za Januari, mtu asiyeweza kumudu kiingilio husema hivyo mlangoni na kuingia bure, bila kudaiwa uthibitisho.

Matumizi katika elimu na jamii

Mwaka 2009, kabla ya uchaguzi mkuu wa Ujerumani, vyama vya bungeni vilipewa kila kimoja eneo la mita moja ya mraba kuonyesha nchi wanayoitamani. Mwaka huohuo, miaka 20 baada ya kuanguka kwa Ukuta wa Berlin, mifano kadhaa ilionyesha jinsi mahali palepale palivyobadilika tangu nchi ilipogawanywa hadi ukuta ulipoanguka. Mwanafunzi aliyeona nyumba ileile kabla na baada ya ukuta kupita mlangoni pake huelewa haraka jambo ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa nyingi.

Kwa mwalimu wa hisabati, fizikia au jiografia, maonyesho haya hutoa mifano ya uwiano, saketi za umeme na sumaku. Somo la skeli linaweza kufanyika bila safari ya Hamburg: mwanafunzi apime darasa lake kwa futi kamba, agawanye kila kipimo kwa 87, kisha alijenge kwa maboksi.