Fedha ya Amana Si Mkopo wa Mwenye Kuitunza

Katika vijiji vyetu vya Kondoa, Busi kikiwa kimojawapo, fedha za watu wengi hukaa mikononi mwa mtu mmoja: sadaka ya Ijumaa, michango ya madrasa, akiba ya kikundi cha akina mama, au mauzo ya alizeti ya jirani aliyemtuma kijana sokoni. Utaratibu huu umesimama juu ya kuaminiana, nao ni neema. Lakini imezoeleka kauli moja: "Nilizitumia kidogo tu, nilikusudia kuzirudisha." Wengi wetu huihesabu kuwa udhuru. Sheria ya nchi haiihesabu hivyo.

Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, haimtazami tu mwenye kuvunja mlango. Mtu aliyekabidhiwa mali kwa ridhaa, kisha akaigeuza kwa hila kuwa ya matumizi yake, naye huitwa mwizi. Kwa fedha, sheria imekwenda mbali zaidi: nia ya kuzitumia kwa utashi wake yatosha, hata kama alikusudia kuzilipa baadaye. Aliye salama ni yule aliyeamini kwa dhati kwamba mali ile ni haki yake.

Adhabu nayo si nyepesi. Wizi wa kawaida unaweza kumfikisha mtu kifungo cha miaka 7. Karani au mtumishi anayemwibia mwajiri wake, na wakala anayekula mali aliyokabidhiwa, wanaweza kufungwa hadi miaka 10. Wizi wa ng'ombe hufikia miaka 15, na Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu ya mwaka 1972 imeuwekea kiwango cha chini cha miaka 5. Juu ya kifungo, mahakama yaweza kuamuru fidia.

Hata hivyo, kushtakiwa si kuhukumiwa. Ibara ya 13 ya Katiba inamhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Aliyekamatwa kwa tuhuma za wizi apaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au kupewa dhamana, na asitie saini maelezo asiyoyasoma au asiyosomewa. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo anazo siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Familia isiyoyajua haya huuza shamba kwa pupa, ikadhani imemnunulia mtoto wao uhuru.

Lipo pia kosa la kudhani kuwa mlalamikaji akisamehe, kesi imekwisha. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Katika hadithi ya Safwan bin Umayya (r.a.), aliyeibiwa nguo yake akiwa amelala msikitini, tunasoma kwamba alitaka kumsamehe mwizi baada ya kumpeleka kwa Mtume (s.a.w.), naye akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta. Msamaha una wakati wake. Wala tusichanganye msamaha na biashara: kupokea malipo ili kosa kubwa lifichwe ni kosa jingine.

Suratun-Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Njia ya kuitii ni nyepesi kuliko njia ya mahakamani. Fedha zihesabiwe na watu wawili au zaidi, ziandikwe daftarini siku hiyo hiyo, kila anayetoa apewe stakabadhi, na hesabu isomwe mbele ya jamaa kila mwezi. Anayehitaji mkopo aombe waziwazi, kamati iamue na iandike. Asiyeweza kuomba mbele ya wenzake asijikopeshe gizani.

Kumkagua mtunzaji si kumtuhumu. Ni kumkinga yeye, watoto wake, na heshima ya msikiti anaoutumikia. Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzichunga amana zao.